Mgeni Hadanganywi

1

Siku hiyo Lusajo alifundisha kwa mbwembwe zote alizorithi kwa baba yake, mnadi wa mitumba. Mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya gurudumu la valvu, sauti imepanda, kifua kimetoka. Kila aliyekuwa karakana alikiri moyoni kwamba kijana amependeza. Tatizo ni kwamba aliyekuwa akifundishwa hakujali nani kapendeza. Mgeni alikuwa na jicho moja tu la kioo, katikati ya kifua cha bati, na jicho hilo lilikuwa limeganda kwenye gurudumu.

"Kwa hiyo," Lusajo akahitimisha, "valvu ya kisima cha mvuke inafunguliwa polepole. Umeelewa?"

"Sijaelewa, Mwalimu Lusajo," akasema Mgeni. "Polepole ni kiasi gani?"

"Polepole ni polepole. Yaani usiwe na papara."

"Leo asubuhi Mwalimu Tumpe alikunywa uji polepole. Alitumia dakika ishirini na moja. Niifungue kwa dakika ishirini na moja?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Tumpe akajificha nyuma ya kopo la grisi. Lusajo akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, mfano wa mtu aliyesahau jina la mkewe mbele ya wakwe.

Sekela, aliyekuwa ameketi juu ya sanduku la spana, alicheka kidogo tu. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyesimama pale, akaulizwa geji ya kupimia mvuke inajuaje kilichomo ndani ya bomba ilhali yenyewe iko nje, na hadi leo akilikumbuka swali lile masikio humwaka moto. Akashuka, akamshika Lusajo mkono, akamvuta pembeni. Ndiyo desturi ya chuo cha Kibumbwe: mwalimu akikwama, hakuna ruhusa ya mwenzake kumjibu Mgeni kwa niaba yake. Mwenzake humfundisha aliyekwama, palepale, kisha aliyekwama hurudi kwa Mgeni kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kabla hujafungua," Sekela akamuuliza kwa sauti ya chini, "ndani ya bomba kuna nini?"

"Hewa."

"Na bomba lenyewe likoje?"

"La baridi. Limelala tangu jana."

"Mvuke ukigusa kitu cha baridi?"

"Unakuwa maji. Seke, hayo hata mpika chai anayajua."

"Basi jibu kama mpika chai. Maji hayo yanakaa wapi?"

Lusajo akageuka kulitazama bomba. Lilikuwa limelala ukutani, likiinama hapa, likiinuka pale, kisha likikunja kona kali kuelekea mtambo. Akalifuata kwa kidole kama mtu anayefuata njia ya siafu.

"Chini. Kwenye mabonde ya bomba."

"Sasa fungua valvu yote kwa mkupuo."

"Mvuke unayakumba maji. Yanakimbizwa." Kidole chake kilifika kwenye kona, kikasita. "Mvuke unageuka. Maji hayawezi. Maji yanagonga."

"Yanagonga kama nini?"

"Kama nyundo," akasema, na mbwembwe zote zilikuwa zimemtoka, amebaki Lusajo mtupu, yule mzuri. "Kwa hiyo polepole siyo dakika. Polepole ni robo mzunguko, halafu unangoja koki za chini ziteme maji yote, mpaka zitoe mvuke mkavu. Ndipo robo nyingine. Kama maji ni mengi unangoja sana, kama ni machache unangoja kidogo. Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Mimi niliishia kwenye nyundo. Hiyo ya koki kuwa ndiyo saa yenyewe, umeisema wewe sasa hivi."

Walitazamana, kila mmoja akishuku kwamba mwenzake anamtania. Kisha Lusajo akarudi kwa Mgeni akamweleza, bila kuweka mkono kiunoni, na Mgeni akauliza maswali mengine kumi na matatu, na la kumi na nne halikuwepo.

"Nimeelewa," akasema.

Neno hilo pale Kibumbwe lilikuwa na uzito wake. Chuo chenyewe kiliota juu ya kidonda. Zamani mafundi wa visima walikuwa wakimiminiwa: unalala na kishikizo nyuma ya sikio, asubuhi unaamka na vitabu sitini kichwani. Na kwa kweli wamiminiwa walijua. Ukiwauliza ukurasa wa mia mbili na nne watakusomea mpaka nukta. Kisha Kisima Namba Nne kikaanza kutikisika, na wamiminiwa wawili wakasimama chini ya bomba linalocheza ngoma, wakikariri sura ya tisa kwa zamu, huyu akimsahihisha yule neno, mpaka kona ilipopasuka. Walizikwa siku moja.

Baada ya matanga, wenye visima wakaunda kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiagiza: mashine isiyojua kitu. Iliweza kutembea, kushika, kusikia, na kusema "sijaelewa" bila kuona haya, jambo ambalo binadamu wengi hufa hawajaliweza. Wakaiita Mgeni. Mtu mzima haruhusiwi kufundisha Kibumbwe. Wanafunzi husoma, hubishana, hufundishana, kisha humfundisha Mgeni. Na mwisho wa mwaka hawafanyi mtihani wao. Anaufanya yeye. Akifungua kisima salama, darasa zima limefaulu. Akikosea, darasa zima linarudia. Ndiyo maana sheria iliyopakwa rangi juu ya mlango wa karakana ilikuwa moja tu: Mgeni hadanganywi. Ukimdanganya leo kwa aibu ya kutojua, utalia naye siku ya mtihani.

Lusajo, kwa furaha ya kusamehewa, akampiga Mgeni kofi la bega. "Aisee, huyu wa mwaka huu ana kichwa chepesi. Dada yangu anasema wa mwaka jana walimfundisha valvu wiki tatu."

Tumpe akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, lakini neno likishatoka halina breki.

Jicho la kioo likamgeukia Lusajo. "Mwalimu Lusajo, mwaka jana kulikuwa na Mgeni mwingine?"

Kicheko kilichokuwa kimesalia kwenye kona za karakana kikafa. Lusajo alimtazama Sekela kwa macho ya mbuzi aliyefungwa sikukuu.

"Swali nalichukua mimi," Sekela akasema. "Nalala nalo."

Hiyo nayo ilikuwa desturi: swali lisilo la somo, yeyote anaweza kulichukua. Ukilala na swali, una usiku mmoja. Asubuhi unalileta na jibu lake, wewe na si mwingine.

2

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Lusajo alisema mezani, akilichimba tonge lake bila kulila. "Sisi tumempa valvu. Na siku ya nne tunamkata kichwa."

"Hakatwi kichwa," akasema Tumpe. "Anafutwa."

"Umepata neno laini zaidi, hongera," akasema Lusajo.

Walikuwa kumi na watatu, wamebanana kwenye benchi mbili za kantini, ugali na maharage mbele yao, na mtihani ulikuwa keshokutwa. Kila mmoja aliijua sherehe. Mgeni akishafaulu, mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake hupanda kijukwaa, hufungua kibati cha shingoni, na kuzungusha ufunguo mwekundu. Nyimbo huimbwa. Jicho la kioo huzimika. Januari huwashwa tena mbele ya darasa jipya, mtupu kama siku aliyoundwa, na neno la kwanza analosema ni "sijaelewa." Ilikuwa hivyo mara kumi na moja. Aliyechaguliwa mwaka huu ni Sekela, na mwezi uliopita, aibu yake, alikuwa amefurahi. Alikuwa amekwisha kushonesha gauni.

"Tuseme wazi," Tumpe akasema. Alikuwa binti wa maneno machache, na machache hayo aliyapima. "Ukimwambia kwamba akifaulu anafutwa, umempa sababu ya kushindwa. Akishindwa hafutwi. Hana hasara. Hasara yote ni yetu."

"Atajua hilo?" mmoja akauliza.

"Tumemfundisha kuunganisha mambo mwaka mzima," akasema Lusajo. "Unataka asijue leo tu, kwa hisani yako?"

Sekela alikuwa akimsikiliza kila mmoja na kukubaliana na kila mmoja, na hiyo ni njia mbaya sana ya kula chakula cha mchana. Miaka mitatu alimenya viazi kwenye kantini hiihii kabla ya kupokelewa chuoni, maana hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Mwaka jana aliondoka katikati ya masomo kumuuguza mama yake. Alirudi chuoni akiwa ameshamzika. Kituo cha Mapulumo kilikuwa kimemwekea nafasi ya ufundi mpaka mwisho wa mwezi, na Mapulumo hawakuwa watu wa kungoja mwaka.

"Mwambie wa mwaka jana alikuwa mwingine," Tumpe akapendekeza. "Wala siyo uongo kabisa. Aliyefutwa akaanza upya, si ni mwingine?"

"Ataniuliza yule wa kwanza yuko wapi."

Tumpe akafikiri. "Ndiyo ubaya wa kumfundisha mtu vizuri."

"Na kuna jambo jingine," Tumpe akaendelea. "Asipofutwa, wadogo zetu wa Januari watamfundisha nani? Mtu anayejua kila kitu hafundishiki. Mimi kila nilichonacho kichwani, kimekaa kwa sababu yule alikataa kuelewa. Leo niwanyime wengine?"

Hapo hata Lusajo aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli. Kila mmoja mezani pale angeweza kutaja siku na saa ambayo swali la kipumbavu la Mgeni lilimwonyesha kwamba alichodhani anajua kilikuwa ganda bila yai.

"Kosa ni langu," Lusajo akasema mwishoni. "Lakini swali limekushika wewe, dada. Utakalosema tutalibeba. Tutalalamika, lakini tutalibeba."

Sekela akaacha ugali, akaenda kwa mlezi wa chuo.

Mama Lugano alikuwa nyuma ya ofisi, amechuchumaa mbele ya koki ndogo ya mvuke, akichemsha chai kwenye birika jeusi. Alikuwa mmoja wa waliookota mabaki ya Kisima Namba Nne, na sikio lake la kushoto halikusikia tangu siku ile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hamia huku, kulia."

Sekela akahamia kulia, akaeleza yote. Mama Lugano alimimina chai vikombe viwili bila kuuliza kama mwenziwe anataka.

"Nifanyeje, Mama?"

"Mtu mzima hafundishi Kibumbwe."

"Siombi kufundishwa. Naomba ushauri."

"Ushauri ni kufundisha kulikovaa kanga." Akanywa. "Nitakwambia nisilolijua, hilo halikatazwi. Tulipoweka ule ufunguo mwekundu, tulidhani tunafuta ubao. Nani anauonea ubao huruma? Kisha mwaka wa tano nikamwona msichana mmoja amezungusha ufunguo huku analia kamasi, na wenzake wote wanaimba. Nikajiambia, hebu mwanafunzi mmoja aje aniulize. Miaka ikapita. Wote walikuja kuniuliza mshahara wa Mapulumo."

"Sasa nimekuuliza."

"Umeniuliza. Na sina jibu, mwanangu. Kunywa chai."

3

Asubuhi Sekela alimkuta Mgeni amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, karakana ikiwa bado na harufu ya mafuta na sabuni. Ilikuwa zamu yake kumsafisha viungo. Akavuta sanduku la spana, akaketi mbele yake, akaanza na vidole vya mkono wa kulia, kitambaa na mafuta mepesi.

"Mwalimu Sekela, umelala na swali langu."

"Sikulala sana." Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. Basi akafanya alilolizoea: akaanza na kitu kinachoshikika. "Tazama kidole hiki. Unaona hapa kwenye kiungo, chuma kimelika?"

"Naona. Kimelika kama cha spana ya zamani."

"Umeshika magurudumu mangapi tangu Januari?"

Mgeni akahesabu. "Mia mbili na sita."

"Mia mbili na sita yanaweza kula chuma kiasi hiki?"

Kimya. Sekela alikijua kimya hicho; ndicho kilekile kilichotangulia kila "nimeelewa," na kwa mwaka mzima kilikuwa kimya alichokipenda kuliko vyote. Leo alitamani angekivunja kwa nyundo.

"Hayawezi," akasema Mgeni. "Labda elfu mbili na mia tatu. Hiyo ni miaka kumi na moja. Kwa hiyo Mgeni wa mwaka jana ana kidole hikihiki."

"Ndiyo."

"Kwa nini simkumbuki?"

Akamwambia. Hakuruka kitu. Akamweleza mtihani, sherehe, ufunguo mwekundu, wimbo. Akamshika mkono akaupeleka nyuma ya shingo yake ya bati ili akiguse kibati chenyewe, kama alivyomgusisha koki na geji na kila kitu kingine alichowahi kumfundisha. Mgeni aliuliza, naye akajibu. Anayezungusha ni nani? Mimi. Je, inauma? Sijui, hakuna aliyewahi kurudi kusimulia. Kwa nini nisikumbuke nikawafundisha wa Januari? Kwa sababu anayefundishwa hupewa, anayefundisha ndiye hujenga. Sisi tumejengwa kwa kukufundisha wewe.

"Basi kazi yangu ni kutojua."

"Ndiyo."

"Niliifanya vizuri?"

Sekela akabadilisha kidole, akakisugua kuliko kilivyohitaji. "Lusajo alikuja hapa akiwa redio. Tumpe hakuwa akisema neno mbele za watu. Mimi nilikuwa najua mambo nusunusu, na nilikuwa nimeshajizoeza kuficha ile nusu isiyokuwepo. Ungeniuliza ningesema ndiyo ndiyo, huku nikiomba Mungu usiendelee. Wewe ukaendelea. Hakuna mtu aliyenifanyia jambo kubwa kama hilo."

Mgeni akaligeuza jicho lake dirishani, bomba lilipokuwa likikunja kona.

"Nikifaulu kesho, nafutwa."

"Ndiyo."

"Nikishindwa, sifutwi. Nyinyi mnarudia."

"Ndiyo."

"Na wewe unaikosa Mapulumo."

"Hilo nani kakwambia?"

"Mwalimu Lusajo. Nilimuuliza kwa nini unatabasamu ukipiga pasi gauni lako jipya." Jicho likarudi kwake. "Mwalimu Sekela, umenifundisha namna ya kuwashinda. Kwa nini?"

"Kwa sababu uliuliza."

"Sababu hiyo inatosha?"

"Sijui," akasema Sekela. "Nilipata hiyo moja."

Akamaliza vidole vya kulia, akahamia kushoto. Mgeni hakuuliza tena chochote siku ile, na darasa lilipoingia, kumi na wawili kwa mstari, walisoma jibu usoni mwa Sekela. Walilalamika, kama walivyoahidi. Kisha Lusajo akachukua kitambaa cha pili, akaanza na mguu.

4

Mkaguzi wa Visima, Bwana Chengula, alifika siku ya mtihani amevaa koti la rangi ya majivu na viatu visivyofaa tope. Alikuwa mmiminiwa wa zama za zamani, mmoja wa waliobaki, na alipowasalimia wanafunzi aliwatajia kanuni na ibara ya mtihani wenyewe, bila karatasi. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyejaa.

Kisima kilikuwa uwanjani, bomba likitambaa mita sitini hadi mtambo, koki tatu za chini njiani. Wanafunzi wakapangwa nyuma ya kamba. Mama Lugano akasimama na sikio lake zima kuelekea kisimani. Mgeni akatembea peke yake mpaka kwenye gurudumu, akaweka vidole vyake.

Sekela alijiambia hatatazama. Akatazama.

Robo mzunguko. Bomba likaguna. Koki ya kwanza ikatema maji ya kutu, ikapiga chafya, ikaanza kutoa mvuke mweupe, kisha mvuke usioonekana, ule mkavu wenye sauti ya hariri inayochanwa. Koki ya pili vilevile. Koki ya tatu ikatoa tone. Tone jingine. Ikanyamaza.

Mgeni akasimama. Dakika ikapita. Dakika tano. Tumpe akauminya mkono wa Sekela mpaka vidole vikafa ganzi.

"Endelea," akasema Mkaguzi. "Koki ya tatu imekauka. Kanuni inasema, koki zikikoma kutoa maji, fungua robo ya pili."

Mgeni hakusogea. Dakika kumi.

"Basi ndiyo hivyo," Lusajo akanong'ona, bila hasira. "Kaamua. Na mimi ningeamua hivyo."

Mkaguzi akaangalia saa, akaandika kitu kwenye fomu. "Mtahiniwa amegoma. Mama Lugano, nasikitika, lakini ibara ya—"

"Mkaguzi," akasema Mgeni, "sijaelewa."

Mkaguzi akainua kichwa. Hakuna kanuni iliyosema mtahiniwa anaweza kuuliza. Wala iliyokataza.

"Hujaelewa nini?"

"Koki iliyokoma kutoa maji, na koki iliyokauka, ni kitu kimoja?"

"Kanuni inasema zikikoma kutoa—"

"Nimesikia inavyosema. Nauliza wewe. Hizi mbili zilikoma kutoa maji, zikaanza kutoa mvuke. Ile imekoma kutoa maji, na haitoi kitu. Mvuke wake uko wapi?"

Mkaguzi akafungua mdomo. Sekela aliutambua uso ule. Aliwahi kuuvaa yeye, Lusajo aliwahi, wote kumi na watatu. Uso wa mtu aliyetia mkono kwenye gunia lililojaa akakuta halina chini. Moyoni mwake, katikati ya hofu yote, akamwonea huruma ya kweli, na miguu yake ikamvusha kamba kabla hajaiuliza. Aliyekwama ndiye anayefundishwa. Lakini Mgeni alikuwa amemtangulia. Aliachia gurudumu, akaenda mpaka kwa Mkaguzi, akamshika kiwiko kwa vidole vilivyolika, akampeleka pembeni.

"Kabla mvuke haujaingia," akamuuliza kwa sauti ya chini, "bomba hili likoje?"

"La baridi," akasema Bwana Chengula.

"Na mvuke ukigusa kitu cha baridi?"

Ilichukua muda. Hakuna aliyecheka, hata Lusajo. Waliona kidole cha Mkaguzi kikilifuata bomba bonde kwa bonde, kikifika kwenye koki ya tatu, kikisita, kikiendelea hadi kwenye kona, na wakaiona rangi ikimtoka usoni.

"Imeziba," akasema. "Koki imeziba. Maji bado yamo. Yamejaa pale chini. Ningefungua..." Akawatazama wanafunzi waliopangwa nyuma ya kamba, hatua nane kutoka kwenye kona. Yeye ndiye aliyewapanga.

Wakafunga kisima. Lusajo akazibua koki ya tatu kwa waya, na tope jeupe la madini likatoka, kisha maji, ndoo baada ya ndoo. Mgeni akarudi kwenye gurudumu, akafungua robo, akangoja, robo, akangoja, mpaka mtambo ukaanza kuimba. Mkaguzi akaandika "amefaulu".

"Ulijua utafutwa," Sekela akamwambia Mgeni, kijukwaani, ufunguo mwekundu ukiwa kiganjani mwake. Hakujali nani anasikia. "Ungesimama tu. Ungenyamaza tu, ukapona."

"Ningeshindwa, mngedhani hamkunifundisha vizuri. Ingekuwa uongo," akasema Mgeni. "Mlangoni imeandikwa Mgeni hadanganywi. Sikuona palipoandikwa kwamba yeye anaruhusiwa kudanganya."

"Ulimwambia?" Bwana Chengula akamuuliza Sekela. "Ulimwambia kabla?"

"Nilimwambia, Mkaguzi. Aliuliza."

"Na darasa zima mlijua ana sababu ya kuwaangusha?"

"Tulijua," akasema Tumpe, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma.

Wimbo ulipaswa kuanza. Hakuna aliyeanzisha. Sekela akautazama ufunguo, akawatazama wenzake, akaona kwamba wanamwachia tena, kama kantini. Akashuka kijukwaani.

"Huzungushwa na mwalimu wake," akamwambia Mkaguzi. "Leo mwalimu alikuwa yeye, na mwanafunzi ulikuwa wewe. Mimi sioni haki ya kumfuta mwalimu wa mtu." Akamwekea Bwana Chengula ufunguo mkononi. "Kama ni lazima, zungusha wewe."

"Matokeo hayatangazwi mpaka fomu ikamilike," akasema Mkaguzi, lakini alisema kama mtu anayesoma ukuta.

"Najua."

"Na Januari? Watakuja thelathini. Nani atakuwa mjinga wao?"

Mama Lugano akacheka, kicheko kikavu cha sikio moja. "Thelathini wanakuja, Bwana Chengula. Kila mmoja hajui kitu ambacho mwenzake anakijua. Waketi wawili wawili, na mtihani wa huyu aufanye yule. Nimelisubiri swali hili tangu mwaka ule wa tano. Nilimjibu msichana kwamba sina jibu, nikawa na usiku mbili za kulitafuta."

Mkaguzi akasimama na ufunguo mkono mmoja, fomu mkono mwingine. Chini kabisa ya fomu palikuwa na mstari: Mgeni amefutwa. Ndiyo, au hapana; kama hapana, toa sababu. Kwa miaka kumi na moja mstari ule ulijazwa neno moja. Kisha akautumbukiza ufunguo mfukoni, maana alihitaji mkono, akamgeukia Mgeni, akanyoosha kidole kwenye geji ya kisima.

"Samahani," akasema, na masikio yake yakawa mekundu kama ya mtoto. "Hii iko nje ya bomba. Inajuaje kilichomo ndani?"

Mgeni akaangaza huku na huku, akamwona Sekela. "Hilo alinifundisha Mwalimu Sekela. Sogea, Mwalimu, unisikilize nisije nikakosea."

Walichuchumaa watatu mbele ya geji, koti la majivu likiburuza topeni, na mwelezaji akieleza, na muulizaji akiuliza. Fomu ilikamilishwa jioni, mambo ya kuuliza yalipopungua kidogo. Kwenye mstari wa mwisho Bwana Chengula aliandika hapana. Na kwenye sababu, kwa mwandiko wa mtu asiyenukuu kitabu chochote: sijamaliza kumuuliza.